Nina laki tisa: laptopu ya kusomea ujenzi na kucheza gemu kidogo, ninunue ipi?

#1 Mtoto wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu na wakubwa zangu.

Mwezi ujao inshaallah napanda boti Mkoani kuja Unguja kuanza diploma ya ujenzi pale Karume, Mbweni. Baba kauza karafuu za msimu huu, akanitengea laki tisa ya kompyuta, na kaniambia wazi: hii ndiyo, mpaka umalize chuo hakuna nyengine. Kwa hivyo nikikosea, nitakaa na kosa langu miaka mitatu.

Kazi zenyewe: kuchora kwa AutoCAD, kuandika ripoti, hesabu za Excel, na nasikia mbele huko kuna Revit, programu ya kuchora majengo ya pande tatu. Gemu ni mpira, FC au eFootball, na GTA V. Sichezi usiku kucha. Ni Ijumaa baada ya laasiri na Jumamosi, na binamu yangu, pedi mbili, basi.

Wiki iliyopita nilikuja mjini nikazunguka Mlandege na Darajani siku nzima. Nimebaki na tatu kichwani. Ya kwanza mpya kabisa kwenye boksi, prosesa Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) 4GB, hifadhi 64GB, laki sita na nusu. Ya pili mtumba, laptopu ya gemu hasa, prosesa i5 kizazi cha tisa na kadi ya grafiki GTX 1650, milioni moja na laki moja, muuzaji kasema tutaelewana. Ya tatu mtumba pia, HP EliteBook 845 G7, Ryzen 5 PRO 4650U, RAM 8GB, SSD 256GB, laki nane.

Baba anataka mpya. Binamu anataka ya pili. Miye sijui.

#2 Kwahani Pedi Mbili

Chukua GTX 1650, funga macho. Ina kumbukumbu yake 4GB, haiombi RAM ya mtu. FC unacheza 1080p bila kukwamakwama, GTA V inateleza kama maji. Ukija kwenye Revit pia utanishukuru. Zungumza na muuzaji ashuke, na hiyo laki moja na ushee inayopungua mwambie mzee taratibu.

#3 Bi Fuoni

Mwanangu wa Wete, waalaykum salaam. Hiyo ya kwanza usiiguse, nakuomba kama mama.

Mwaka juzi nilimnunulia mwanangu wa kidato cha tano yenye Celeron hiyohiyo. Miye nilitazama boksi, nikatazama nailoni bado imegandishwa kwenye kioo, moyo ukatulia. Baada ya miezi minne ikaanza kuandika kuwa hifadhi imejaa, na yeye hajaweka kitu zaidi ya kazi za skuli. Ilikuwa masasisho ya Windows yameimeza yote. Tukenda dukani, wakasema hifadhi imegandishwa kwenye bodi, haibadilishiki, na RAM vilevile. Pesa yote ile, na leo inatumika kusikilizia mawaidha jikoni. Mwambie baba kuwa upya wa boksi siyo upya wa kitu kilichomo ndani.

#4 Fundi wa Mlandege

Mdogo wangu, nimekaa na bisibisi mkononi miaka kumi na mbili, na swali lako naulizwa kila mwaka vyuo vikikaribia kufunguliwa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu pesa ya karafuu ni pesa ya jasho, na sitaki uimwage.

Bi Fuoni kasema kweli. N4020 ina viini viwili tu, na hizo 64GB siyo SSD, ni eMMC, ndugu wa karibu wa memori ya simu. AutoCAD humo utaisubiri mpaka chai ipoe. Tuiweke pembeni.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi. Laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya peke yake huchora picha kwa kutumia chipu iliyomo ndani ya prosesa. Chipu hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Basi kasi ya gemu inafungwa na kasi ya RAM, na kasi ya RAM inategemea umeweka moja au umeweka mbili. RAM moja ya DDR4 ya 3200 inapitisha data 25.6GB kwa sekunde. Ukiweka mbili zinazolingana, zinafanya kazi sambamba na njia inakuwa pana mara mbili, 51.2GB kwa sekunde. Laptopu ni ileile, prosesa ileile, hujabadilisha kitu chengine, lakini gemu iliyokuwa inakwama inachezeka.

Wenye Intel wanaliona hili kwa macho. Prosesa za kizazi cha kumi na moja kama i5-1135G7 zina grafiki inayoitwa Iris Xe. Ukiwa na RAM moja tu, Windows haiandiki hata hilo jina la Iris Xe, inaandika UHD, jina la grafiki za kawaida za Intel. Ukitia ya pili, jina linarudi. Nimeletewa wateja waliodhani wameuziwa feki, kumbe pembeni ya RAM yao ilikuwepo nafasi tupu.

Kwa hiyo EliteBook uliyoiona inanivutia. 4650U ni ya mwaka 2020, ina viini sita, na chipu yake ya grafiki ni ile ya Vega, inaishinda mbali UHD 620 iliyomo kwenye i5 za kizazi cha nane. Na 845 G7 ina nafasi mbili za RAM, zote zinafunguka. Muulize muuzaji: hiyo 8GB ni moja ya 8 au mbili za 4? Ikiwa moja ya 8, nunua nyengine ya 8, unakuwa na 16 na njia pana. Laki nane pamoja na RAM, unabaki ndani ya bajeti ya mzee.

Nisikudanganye kuhusu gemu. EA wenyewe, wanaoitengeneza FC, wanaandika kadi ya GTX 1050 Ti kuwa kiwango cha chini kwa FC 25, na Vega haifiki hapo. Utacheza kwa 720p, mipangilio ya chini, na inachezeka. GTA V ni ya 2015 upande wa kompyuta, hiyo utaifurahia. eFootball haina taabu. Ukitaka nyasi zing'ae na jasho la mchezaji lionekane, hii siyo yako.

#5 Msomaji wa Chake

Fundi, samahani naingilia. Dukani wameniambia Ryzen 5 7520U ni bora kwa kuwa inaanza na 7 na ni mpya, hizo za 4 ni za zamani. Ni kweli?

#6 Fundi wa Mlandege

Si kweli, na ahsante sana umeuliza, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Kwenye namba hizo za AMD, wanaotengeneza Ryzen, zinazoanza na 7, ya kwanza ni mwaka tu. Inayokuambia umri wa prosesa yenyewe ni ya tatu. 7520U, ya tatu ni 2, maana yake ni muundo wa Zen 2, uleule uliomo kwenye 4650U ya 2020. Halafu wameipunguza: viini vinne badala ya sita, na chipu ya grafiki yake, Radeon 610M, ina vitengo viwili tu vya kuchorea picha, wakati ile ya zamani inavyo sita. Na RAM yake imegandishwa. Kwa mtu wa Word na barua pepe ni nzuri, haili umeme. Kwa GTA, hapana.

Ukiona 7530U, hiyo ni Zen 3, nyengine kabisa. Tarakimu moja tu imebadilika! Soma namba yote, usisome ya mwanzo.

#7 Kwahani Pedi Mbili

Fundi nakuheshimu, lakini unamnyima kijana raha. GTX 1650 ni GTX 1650. Vega haiwezi kuifikia hata ukitia RAM za dhahabu. Na mtu wa ujenzi atakuja kuzungusha majengo ya pande tatu. Huko kadi ya grafiki ina kazi.

#8 Fundi wa Mlandege

Kaka, kwenye nguvu uko sawa, sibishi. Kwa gemu peke yake yako inashinda, wala mechi yenyewe haifiki dakika tisini. Lakini kijana hakuuliza gemu peke yake, na hakai nyumbani kwako Kwahani.

Atakaa dahalia au kwa jamaa, atapanda daladala kila siku, laptopu mgongoni. Hizo za GTX 1650 nyingi zina uzito wa kilo mbili na zaidi, na chaja zake ni za wati 135 au 150, tofali zima. Ukichomoa chaja, kadi inapunguziwa umeme na gemu inashuka hapohapo, kwa hiyo faida yake yote iko penye soketi. 845 G7 inachajiwa kwa USB-C ya wati 65, chaja ndogo, na hata ya rafiki yako yenye wati hizo inaingia.

Kisha umri. Laptopu ya gemu ya mtumba imechezwa. Aliyekuwa nayo hakuinunua aandikie barua, aliipika kila usiku kwa joto la nyuzi tisini na kitu. Ya ofisini imekaa mezani kwenye kiyoyozi, imefungua Excel na barua pepe, saa kumi jioni imezimwa. Mezani kwangu, katika hizi za gemu zinazoletwa, nyingi zina feni inayolia au bawaba iliyoachia. Hilo nimeliona kwa mikono yangu, halina haja ya kubishaniwa.

Kwa upande wa masomo: AutoCAD ya michoro bapa inategemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa na RAM kuliko kadi. Revit ndiyo mnyama, na mnyama huyo chakula chake cha kwanza ni RAM. Autodesk wenyewe, wenye AutoCAD na Revit, wanaanzia 16GB. i5 yenye GTX na RAM 8 itapiga magoti mbele ya Revit kabla ya Ryzen yenye 16.

#9 Mzee wa Kikwajuni

Vijana, mnazungumza kila kitu, betri mnaipitia juu juu.

Miye nilikuwa naandika utafiti wangu wa chuo wakati waya wa baharini ulipotuzimikia, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Unguja nzima miezi mitatu bila umeme wa ZECO. Tulikuwa tunabeba kompyuta mpaka penye jenereta ya jirani, tunachangia mafuta, tunapanga foleni ya soketi. Mwenye betri nzima alikuwa anaandika mpaka saa tano za usiku, mwenye betri mbovu anakaa anamtazama. Waya mpya ulikuja 2013 na hali siyo ile tena, alhamdulillahi, lakini umeme bado unakatika, na kazi ya kukusanya asubuhi haisubiri urudi. Tokea siku zile kitu cha kwanza ninachotazama kwenye laptopu ni betri. Prosesa baadaye.

#10 Mtoto wa Wete

Wakubwa zangu nashukuru, kwa mara ya kwanza naona mwanga. Bi Fuoni, nimemsomea baba maneno yako kama yalivyo, kanyamaza, kisha kasema "basi huyo mama kajua".

Fundi, shikamoo. Nimeelewa RAM. Lakini nitajuaje dukani kuwa betri nzima na kuwa sijauziwa ya wizi au mbovu? Nitakuwa peke yangu, na miye uso wangu tu unanisema kuwa natoka shamba.

#11 Fundi wa Mlandege

Marahaba mwanangu. Nenda asubuhi, duka halijajaa. Chukua flashi na simu yenye bando. Na usitoe pesa mfukoni mpaka umemaliza, hata wakikuletea soda.

Anza na lililo zito. Hizi za ofisini zinatoka Ulaya, Marekani, nyingi zinapitia Dubai, na nyengine bado zimefungwa kwenye usimamizi wa kampuni iliyozitumia. Dukani inawaka vizuri, ukifika nyumbani ukaifuta na kuiwasha upya kwenye intaneti, inatokea nembo ya kampuni usiyoijua inakutaka barua pepe ya kazini. Hapo umenunua sinia la kupakulia pilau. Dawa yake: mwambie muuzaji aifute mbele yako, Windows ianze upya kabisa, uiunge na intaneti ya simu yako. Ikipita mpaka kwenye kutengeneza jina lako bila kukutaja kampuni, iko huru. Akikataa kuifuta, ondoka, maduka yako mengi. Kisha iwashe huku unabonyeza F10, uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani kabla ya Windows. Ikidai neno la siri, rudisha mezani.

Betri. Andika cmd kwenye kutafutia, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha ilipohifadhi ripoti. Ndani kuna namba mbili za mWh, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo ikijaa. Ya 845 G7 kiwandani ni kama 53,000. Ukiona leo 42,000, imebaki asilimia karibu themanini, chukua. Ukiona 25,000, imebaki nusu, mwambie abadilishe betri au ashushe bei ya betri nzima. Usikubali "inakaa masaa matano", soma namba.

RAM: fungua Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, itakuandikia nafasi ngapi zimetumika. 1 kati ya 2 ndiyo habari njema.

SSD: kwenye flashi weka CrystalDiskInfo, ni bure, inakuambia afya ya diski kwa asilimia. Chini ya themanini, bishana bei.

TPM, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11: andika tpm.msc, itazame imeandika 2.0. Windows 10 ilikwisha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine isiyopokea Windows 11 kihalali usiichukue hata kwa bei ya urojo. Upande wa Intel kihalali ni kuanzia kizazi cha nane. Ndiyo maana nawaonya watu na zile laptopu za gemu za kizazi cha nne, nzito kama jiwe la kusagia, zinauzwa rahisi sana.

Kisha icheze. Naam, dukani. Weka video ya 1080p na mchoro mkubwa wa AutoCAD kama unao kwenye flashi, iache dakika ishirini ikiwa kwenye chaja. Weka kiganja upande inapotokea hewa. Hewa ya moto ikitoka kwa nguvu ni jambo jema, maana yake feni iko kazini. Kibaya ni laptopu kuwa moto na hewa haitoki. Bonyeza herufi zote moja moja. Fungua na ufunge kioo mara kumi, sikiliza bawaba.

Kuna jambo moja la kioo ambalo kwako wewe lina uzito. Baadhi ya EliteBook hizi zina kioo cha faragha, kimetengenezwa ili jirani kwenye ndege asisome kazi yako. Ukikaa mbele unaona, ukisogea pembeni giza. Wewe na binamu yako mnakaa wawili na pedi mbili, mmoja atakuwa anacheza mpira kwa kusikiliza. Itazame ukiwa umesimama pembeni kabla ya kulipa.

Kibodi ikiwa na herufi za Kiarabu pembeni usiogope, zile za Dubai ziko hivyo na kwetu ni faida. Ikiwa ya Kijerumani ambayo Z na Y zimebadilishana, utajikwaa miezi miwili ya kwanza.

#12 Tunguu Mwaka wa Tatu

Fundi kamaliza, naongeza ya mwanafunzi.

AutoCAD na Revit usizitafute kwenye flashi za watu. Autodesk wanawapa wanafunzi bure, unathibitisha kuwa uko chuoni, unahuisha kila mwaka. Nilimwona mwenzangu kapoteza kazi ya muhula mzima kwa kirusi kilichokuja na AutoCAD ya "kaka mmoja". Na kwa ripoti, LibreOffice inatosha ikiwa chuo hakikupi Office.

Hifadhi ya 256 itakubana. FC peke yake inataka nafasi ya 100GB, na GTA V nayo ni kubwa sana. Windows, AutoCAD na gemu moja kubwa, umejaa. Ama uchague gemu moja kwa wakati, ama ukipata pesa ubadilishe SSD. Hiyo ni NVMe, aina ya SSD inayochomoka, mtu wa bisibisi anaibadilisha kwa dakika kumi.

Na bando! Kushusha 100GB kwa bando la simu ni kuuza shamba. Steam, duka la gemu la mtandaoni, tokea 2023 wameweka njia ya kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani. Mmoja akishusha usiku penye intaneti ya nafuu, mwengine mwenye gemu hiyohiyo kwenye akaunti yake anaivuta kutoka kwake bila kutumia bando tena. Sisi hapa dahalia tuko sita tunafanya hivyo. Ruta ya kawaida tu inatosha, hata isipokuwa na intaneti ya kasi.

#13 Kwahani Pedi Mbili

Nimesoma yote. Narudi nyuma hatua moja. Mdogo wangu, kama ungekuwa na milioni moja na nusu ningekaa palepale nilipo, ya gemu yenye RAM 16 na betri mpya. Kwa laki tisa na miaka mitatu ya chuo, Fundi kanishinda kwa hoja ya RAM na ya daladala. Ila usiniache, ukihamia mjini njoo Kwahani Ijumaa, hapa GTX ipo na soketi ipo.

#14 Bi Fuoni

Na daftari la risiti usisahau mwanangu. Risiti yenye namba ya mashine imeandikwa, na siku za dhamana ziandikwe kwa kalamu, siyo kwa mdomo.

#15 Mtoto wa Wete

Assalaam alaykum. Narudi na habari, nimechelewa kwa sababu bahari ilichafuka na boti ya Jumanne sikupanda.

Nimefika leo asubuhi. EliteBook ile niliyoiona mwanzo, duka la kwanza, nilipomwambia muuzaji aifute mbele yangu akasema hana muda. Nikamwambia nashukuru, nikatoka. Miguu ilikuwa inatetemeka lakini nikatoka. Duka la tatu wanayo hiyohiyo, 845 G7, 4650U. Yule bwana akacheka, akasema "wewe umetumwa na nani?", lakini akaifuta. Nikaiunga na simu yangu, ikapita mpaka kwenye jina langu, hakuna kampuni.

Betri kiwandani 53,000, leo 43,700. SSD afya 94. TPM 2.0. RAM 8, nafasi 1 kati ya 2. Kioo nikakitazama kutoka pembeni zote mbili mpaka mke wake aliyekuwa dukani akaniuliza kama nina tatizo la shingo. Kinaonekana. Kibodi ina Kiarabu. Herufi zote zinabonyezeka ila mshale wa chini ulikuwa mzito kidogo, akanipunguzia elfu ishirini.

Tumemalizana laki saba na themanini, risiti ina namba ya mashine, dhamana mwezi mmoja kwa kalamu. RAM ya pili ya 8 nimetiwa duka la jirani. Jumla iko ndani ya laki tisa na nimerudi na nauli.

Kabla ya kutia RAM ya pili nilijaribu GTA V ya yule bwana, kwenye mataa ya mjini ikawa inasita. Baada ya kutia, njia ileile, gari ileile, inakwenda. Nimeona kwa macho yangu. Baba nimempigia, nimemsomea namba za betri, hakuelewa hata moja lakini kasema alhamdulillahi.

Swali la mwisho Fundi: kwa jamaa ninapokaa ni Mazizini, karibu na bahari, na chumba kina joto. Nifanye nini isiharibike?

#16 Fundi wa Mlandege

Mashaallah, umenunua vizuri kuliko wengi wakubwa zako. Na kutoka duka la kwanza ndiyo kazi kubwa uliyoifanya leo.

Mazizini upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula matundu ya USB na miguu ya chipu polepole. Usiiweke dirishani upepo ukivuma. Ukimaliza irudishe kwenye begi, na ndani ya begi tia vile vipakiti vyeupe vinavyokuja na viatu vipya, vinanyonya unyevu. Masika vibadilishe.

Usicheze ikiwa juu ya godoro, matundu ya hewa ya 845 yako chini. Meza, au hata sinia la bati lililogeuzwa, na nyuma uinyanyue kidogo kwa kitabu. Ukicheza iwe kwenye chaja. Baada ya mwaka ilete nikusafishie feni na kubadilisha pesti ya kupoza prosesa, vumbi la mjini ni jingi na pesti ya 2020 imeshakauka.

Na ule mshale wa chini njoo nao Jumamosi. Ni punje ya mchanga tu, nakutolea bure.